Kinanda chako hakisikii wimbo, kinasoma mkono wako wa kushoto

Msomaji wa Makorora, Tanga, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Napiga kinanda kwaya ya kanisani kwetu, na Jumamosi huwa naitwa kwenye harusi. Nilijifunzia Casio ya rafiki yangu, sasa nimenunua Yamaha iliyotumika. Nikiwasha staili, mkono wa kushoto unaniaibisha. A maina yangu ya vidole viwili haitoki. Nikipiga C na kuongeza noti ya la ndani yake, mara besi inabaki C, mara inakimbilia A. Kuna wakati kodi zinarukaruka zenyewe. Na taarabu nikiipiga inatoka kama muziki wa hotelini. Mzee mmoja mpiga kinanda ananiambia nizime staili niisahau kabisa. Je, mashine ni mbovu, au kweli niachane nayo?"

Marahaba, mwanangu. Mashine yako ni nzima, na staili, ile bendi iliyo tayari ndani ya kinanda, usiiache. Ila umeanza kuitumia kabla hujaambiwa inafanya nini, na si wewe peke yako. Vinanda vingi vinavyofika kwetu vimeshapita mikono miwili mitatu, kitabu cha maelekezo kimebaki kwa mwenyewe wa kwanza, na mpigaji anajifunza kwa kubahatisha. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hayo yote uliyoyataja yana mzizi mmoja.

Mzizi ni huu: kinanda hakisikii wimbo. Hakijui kama unapiga pambio au beti la harusi, wala hakijui mwimbaji yuko wapi. Kinatazama vitufe vilivyobonyezwa upande wa kushoto, kinavipa jina la kodi, yaani kundi la noti zinazopigwa pamoja, kinaendelea na kazi. Mchukulie kama mpiga besi asiyesikia kitu, macho yake yote yako kwenye vidole vyako. Ukimwonyesha umbo lenye majina mawili, atachagua mwenyewe, na huenda asichague ulilokusudia.

Ndani ya kila staili kuna vipande vifupi vilivyorekodiwa tayari: ngoma, besi, gitaa au piano, fidla, pengine na tarumbeta. Kwa Yamaha, vipande hivyo kwa kawaida vimerekodiwa juu ya kodi moja tu, C meja yenye saba kubwa, yaani C, E, G na B. Ukibonyeza F maina, kompyuta iliyo ndani inatafuta kwanza mzizi wa kodi, yaani noti inayoipa jina, F, halafu aina, maina. Kisha inazihamisha noti za kila kipande kwa kanuni za kipande hicho: besi ina kanuni zake, gitaa lina zake, na ngoma haziguswi. Ndiyo maana kosa la jina moja linaangusha bendi nzima kwa pamoja. Umesema A maina, mashine imeelewa kingine. Besi, gitaa na fidla wote wanahamia huko, ngoma peke yake zinabaki salama.

Kwa hiyo kabla ya yote, izoee skrini ndogo ya kinanda. Washa kibonye cha ACMP, kinachokifanya kinanda kisome kodi za mkono wa kushoto, bila kuanzisha staili, bonyeza kodi kwa mkono wa kushoto, soma jina linaloandikwa pale. Pitia kodi zote za nyimbo zako za Jumapili kwa namna hiyo, kimyakimya, bila ngoma. Mpigaji anayejua skrini itaandika nini kabla hajabonyeza hana cha kuogopa madhabahuni.

Sasa A maina yako ya vidole viwili. Casio wana mtindo wao wa kodi za mkato, unaoitwa CASIO CHORD. Kitufe kimoja ni meja. Ukiongeza kitufe kingine chochote upande wa kulia wa mzizi, inakuwa maina. Ukiongeza viwili kulia, inakuwa kodi ya saba. Vitatu, maina ya saba. Rafiki yako alikufundisha A pamoja na C, ikatoka A maina, mkafurahi, na kwa Casio hiyo ni sahihi kabisa.

Yamaha wanakwenda upande wa pili. Kitufe kimoja ni meja, sawa. Lakini maina ni mzizi pamoja na kitufe cheusi kilicho karibu zaidi upande wa kushoto. Kodi ya saba ni mzizi na kitufe cheupe kilicho karibu zaidi kushoto. Maina ya saba ni mzizi na vyote viwili, cheupe na cheusi. Kwa hiyo A maina yako sasa ni A na kile cheusi kilicho kushoto kwake, yaani G#. Masikio yatakataa ukivipiga hivyo viwili bila staili, maana vinagombana vibaya. Usijali: hapo vidole havipigi muziki, vinatoa amri. Mkono uliozoea kwenda kulia ndio unaotakiwa kujifunza upya, na mkono huzoea haraka kuliko kichwa.

Hata hivyo, ningependa uzitumie kodi hizi za mkato kwa muda mfupi tu. Sababu ndiyo hiyo hiyo inayofanya kodi zako zirukeruke. Kinanda chako bila shaka kiko kwenye hali inayoitwa Multi Finger, inayokubali kodi za mkato na kodi kamili kwa pamoja. Tazama kinachotokea ukitoka G kwenda C. Umeshika G, B na D. Unahama, kidole cha B kinachelewa kuinuka, C imeshaguswa, E na G bado hazijafika. Kwa kitambo hicho kifupi mashine inaona B na C tu. Kwa kanuni niliyokueleza, C na kitufe cheupe cha kushoto chake ni C ya saba. Basi besi na gitaa wanaruka kwenda C ya saba, halafu wewe unamalizia kodi yako, wanarudi. Mwimbaji anageuka kukutazama. Hujakosea kodi, vidole vimefika kwa zamu badala ya kufika pamoja.

Dawa ni mbili. Kwanza, vidole vishuke kwa mpigo mmoja na viinuke kwa mpigo mmoja. Huhitaji kushikilia: ukishabonyeza na kuachia, mashine inabaki na kodi ile mpaka uipe nyingine, isipokuwa kama umewasha SYNC STOP, inayoinyamazisha staili kila ukiinua mkono. Una muda mrefu wa kuinua mkono, kuupanga hewani, na kuushusha mzima. Pili, kama kinanda chako kina hali ya Fingered, hamia huko. Pale mashine kwa kawaida inadai kodi kamili ya vidole vitatu au zaidi, na vitufe viwili jirani havina tena maana ya siri. Katika vile vidogo vya mfululizo wa PSR-E mara nyingi utakuta Multi Finger na Full Keyboard tu. Hapo baki na Multi Finger, ila piga kodi kamili na uwe makini na kuhama.

Kuna jambo jingine linaloleta kurukaruka, nalo ni mpaka. Kinanda kimegawanywa mahali fulani: kushoto ni amri, kulia ni sauti. Yamaha nyingi zikitoka kiwandani mpaka wake uko kwenye F# iliyo chini kidogo ya C ya katikati. Kama kwaya yako ina wimbo unaoongozwa na sauti ya chini, na mkono wako wa kulia ukashuka kuufuata, utavuka mpaka bila kujua, na noti ya wimbo itahesabiwa kuwa sehemu ya kodi. Sogeza mpaka chini kidogo, ukijua kwamba ukiusogeza sana mkono wa kushoto utakosa nafasi ya kujipanga.

Nije kwenye C yako yenye la. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo palipo na elimu yenyewe.

Chukua noti nne: do, mi, so, la. Ukiwa kwenye ufunguo wa C ni C, E, G, A. Hiyo ni kodi ya C yenye sita, tamu sana mwishoni mwa pambio. Sasa zipange upya: A, C, E, G. Ni noti zile zile nne, hakuna iliyoongezeka wala kupungua, lakini jina lake ni A maina ya saba. Binadamu anajua ipi ni ipi kwa sababu anasikia wimbo umetoka wapi na unakwenda wapi. Mashine haina habari hiyo. Inachoweza kutazama ni noti ipi iko chini kabisa. Ukiweka C chini, mashine nyingi huandika C6 na besi inabaki C. Ukipiga umbo lililogeuzwa, labda G, A, C, E kwa sababu liko karibu na mkono, skrini ina haki ya kuandika Am7, na besi ikaenda A.

Mapendekezo yangu: usiiweke la kwenye mkono wa kushoto. Mpe kushoto C, E, G safi, na la uitie kwa mkono wa kulia juu ya wimbo. Msikilizaji atasikia C yenye sita kamili, besi itatulia. Kanuni hiyo itakusaidia kwa kodi nyingi za mapambo: kushoto toa amri fupi isiyo na utata, kulia pamba utakavyo. Kodi zile zinazojengwa kwa hatua zinazolingana, kama ya kupungua yenye noti nne, zina utata mkubwa zaidi, kwa sababu noti yoyote kati yake inaweza kuwa mzizi. Hizo weka chini noti unayotaka besi iipige, halafu uhakikishe kwenye skrini.

Kama kinanda chako kina Fingered On Bass, hapo umepata mali. Katika hali hiyo noti ya chini kabisa ya mkono wa kushoto ndiyo inayokuwa besi, hata kama si mzizi wa kodi. Fikiria pale kwaya inapoimba kwa upole na besi inashuka do, ti, la, so. Kodi ni C, kisha G, kisha A maina, kisha C tena. Kwa Fingered ya kawaida besi itaruka C, G, A, C, na ule mteremko mzuri unapotea wote. Kwa Fingered On Bass unapiga C-E-G, halafu B-D-G, halafu A-C-E, halafu G-C-E. Mkono unashuka hatua moja moja, besi inashuka nao, na sauti ya nne ya kwaya inapata mwenzake. Jaribu hilo mara moja tu, hutarudi nyuma.

Lakini tenzi za kitabuni zilizoandikwa kwa sauti nne, zile ambazo kodi inabadilika karibu kila pigo, zizimie staili. Piga kwa mikono miwili, sauti zote nne. Staili imetengenezwa kwa muziki ambao kodi inakaa nusu ya kipimo au kipimo kizima. Ukiilazimisha kubadilika kila pigo, besi haipati nafasi ya kutembea na gitaa linakatwa katikati ya sentensi. Hapo yule mzee wako yuko sahihi kabisa, na umheshimu kwa hilo.

Sasa taarabu, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu wewe ni mtoto wa Tanga. Mji huu ndio uliokuwa na Black Star Musical Club na Lucky Star, makundi yaliyoingiza gitaa la umeme na gitaa la besi katika taarabu, yakawa na kundi dogo lenye mwendo wa kuchezeka badala ya okestra kubwa ya fidla. Bi Shakila aliimba na makundi yote mawili. Zisikilize rekodi hizo ukiwa umetega sikio kwenye besi peke yake. Haipigi mzizi na noti ya tano kama saa ya ukutani. Inaimba, ina kifungu chake chenye mwanzo na mwisho, na gitaa linaijibu. Staili ya kiwandani haijui hayo. Hata ile iliyoandikwa Rumba usidanganyike nayo, ni rumba ya kumbi za dansi za kizungu, haina undugu na rumba tuliyoipata kwa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hapa hapa mjini.

Kwa hiyo usiiombe staili ikupigie taarabu nzima. Iombe sehemu. Kila staili ina sehemu unazoweza kuzima moja moja: ngoma, besi, kodi, fidla, vifungu vya mapambo. Chagua staili ambayo ngoma zake ziko karibu na unachotaka, ya pigo sita kama wimbo unakwenda kichakacha, kisha zima fidla na mapambo yote. Mara nyingi zima na gitaa. Baki na ngoma na besi. Ukiona hata besi inakukera, izime, uweke sauti ya gitaa la besi upande wa kushoto na uipige mwenyewe kwa mkono, ACMP ikiwa imezimwa. Ngoma zitaendelea kama kawaida. Hapo utasikia harusi ikianza kufanana na harusi.

Sababu ya kuzima fidla si ladha tu. Nyimbo nyingi za maina kwenye taarabu zinapandisha noti ya saba: kwenye A maina wimbo unapita G# kurudi A. Baadhi ya staili zina kifungu cha fidla kinachotia G ya kawaida juu ya A maina. Mkono wako wa kulia unaimba G#, mashine inajibu G, na wasikilizaji wanaona kitu hakijakaa ingawa hawawezi kukitaja. Na wimbo unapotua juu ya E, ukizungukia noti E, F, G# na A, amri ya kushoto iwe E meja, si E maina, hata kama wimbo mzima unauhisi ni wa huzuni.

Kuna vinanda vyenye uwezo wa kushusha noti moja kwa nusu ya nusu toni, kwa ajili ya maqamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu. Yamaha wana mfululizo wa PSR-A kwa kazi hiyo, na Korg wameiweka katika Pa. Katika maqamu ya Rasti kuanzia C, noti za E na B zinashushwa hivyo. Ukiipata mashine ya namna hiyo, kumbuka kwamba kodi ya C meja ina E ndani yake. Ukibonyeza C meja kushoto huku kulia umeshusha E, E mbili tofauti zinaweza kusikika pamoja, na hilo haliponi. Bonyeza C na G tu. Katika Fingered ya Yamaha hiyo ni kodi inayotambulika, isiyo na noti ya tatu, na bendi nzima inabaki wazi kumpisha mwimbaji. Yamaha nyingi kubwa zina na kodi ya kufuta: ukibonyeza vitufe vitatu vinavyofuatana, kwa mfano C, C# na D, sehemu zote zinanyamaza isipokuwa ngoma. Itumie mwimbaji anapotaka kuimba peke yake juu ya ngoma, kisha rudisha kodi kwa pigo la kwanza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mzee wako. Biti iliyorekodiwa kwenye flashi haimsubiri mtu. Staili inasubiri. Wenye harusi wakiinuka kutuza, mwimbaji akarudia mstari mmoja mara nyingi kadiri noti za pesa zinavyomiminika, wewe unabaki kwenye kodi ile ile na bendi inabaki na wewe. Akimaliza, unabonyeza kibonye cha kuingiza vikolezo vya ngoma, unaingia kwenye kibwagizo. Mpigaji mmoja, bila bendi ya kulipa, anaweza kumfuata mwimbaji hatua kwa hatua. Kifaa kinachotoa nafasi hiyo hakistahili kutupwa, kinastahili kujifunzwa.

Mazoezi yako yaende hivi. Kila siku piga nyimbo mbili bila staili, kodi kamili kwa kushoto, wimbo kwa kulia, mpaka mikono ijue njia. Halafu washa staili kwa mwendo wa polepole, ngoma na besi tu. Sehemu nyingine ziingie baadaye, moja moja, na kila moja uulize kama inaongeza kitu au inajaza kelele. Kama kwaya inaimba kwenye ufunguo mgumu, tumia TRANSPOSE, inayohamisha ufunguo wa kinanda, bila aibu, lakini ukipiga na mpiga gitaa mwambie ufunguo unaosikika, si unaoshikwa na vidole vyako.

Neno moja la kanisani. Yamaha nyingi za siku hizi hujizima zenyewe zisipoguswa kwa muda, kwa kawaida nusu saa, na mahubiri yetu unayajua. Ukiiwasha tena, huenda baadhi ya mipangilio yako, kama sehemu ulizozima, ikawa imerudi ya kiwandani, na umeme ukikatika ni vile vile. Hifadhi mpangilio wako kwenye REGISTRATION, kumbukumbu ya mipangilio ya kinanda, ili uurudishe kwa kubonyeza mara moja. Na kujizima kwenyewe unaweza kukuondoa: shikilia kitufe cha mwisho kabisa upande wa kushoto wakati unawasha kinanda. Fanya hivyo Jumapili kabla watu hawajaingia, kisha bonyeza C, F na G na usome skrini.